Chungu cha Osmund

Osmund alifika tukiwa tumeshamzika mama yake. Alishuka kwenye bodaboda iliyomtoa Chiwanda, mwanaume mwenye mvi, begi dogo begani, viatu vimejaa vumbi, akasimama pembeni ya uwanja pale mama yake alipokuwa akianika usipa, dagaa wa ziwani, na hakuna aliyemtambua. Akina mama wa jumuiya walidhani ni mtu wa rambirambi kutoka kigango cha jirani. Mimi nilikuwa kwenye mafiga nakoroga uji. Nikainua macho, nikaona alivyoweka mikono kiunoni, vilevile kama mama yake, nikauacha mwiko kwenye sufuria. "Wewe ni Osmund," nikamwambia. Akaniangalia, hanijui, maana alipoondoka mimi nilikuwa sijafika kijiji kile. Nikamwambia mimi ni Mama Teodora wa Mbinga, zamani nikiitwa Skola, niliyekaa na mama yake mwaka ule pango lilipofunguliwa kwa wageni. Wakamletea kiti, akakaa hapo hapo nje. Wakamletea ugali wa muhogo na maharage, akashukuru, akausogeza pembeni. Wazee wakamwambia, "Ingia basi, baba, ukaone chumba cha mama yako." Akatikisa kichwa. "Siwezi kuingia kabla sijanywa. Chungu changu kiko wapi?" Wanawake wengi waliokuwepo wameolewa pale juzijuzi tu, wakatazamana, na mmoja mwenye mdomo akasema, "Jamani shemeji, hata jasho halijakauka anaulizia pombe ya ulanzi!" Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mzee Alto ndiye hakucheka. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya pango wakati ule. Aliinamisha kichwa akawa anachora chini kwa fimbo yake. Sisi wawili tulijua kile chungu ni kipi. Na tulijua hakipo.

Mwaka ule nilikuwa msichana mkubwa, ninayejua kusoma kwa kuunga unga, na nilikuwa nakaa kwa Mama Osmund kwa sababu madarasa ya jioni yalikuwa kwenye shule ya kijiji chake, chini ya milima ya Tingi kuelekea ziwani. Mchana nilimsaidia shambani na kuanika samaki, jioni nikaenda kujibana kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na sebule yenye meza moja. Juu ya meza palikuwa na kitambaa alichofuma mwenyewe, sanamu ya Bikira Maria iliyovunjika kidole, na picha ya Osmund ya shule, ile ya kukodoa macho. Harufu ya ile sebule ninayo mpaka leo, samaki na nta ya mishumaa. Tulikula usipa karibu kila siku, wa kukaanga, wa nyanya, wa karanga, na Jumapili akipata mbasa alimchemsha na chumvi tu, maana alisema samaki mzuri havalishwi. Kila tukianza kula alitenga kipande kidogo ukingoni mwa sahani. Nilidhani ni cha paka. Siku moja nikamuuliza, "Mama, huyu paka mbona hafiki?" Akacheka mpaka akashika meza. "Huyo paka yuko Msumbiji, binti yangu. Ana ndevu sasa hivi."

Ndipo akanieleza habari ya vyungu. Pango lilikuwa juu ya nyumba yake, ukipanda kidogo kwenye mawe meupe ya chokaa. Si pango kubwa. Unaingia umeinama, unatambaa kidogo, halafu linafunguka chumba kama sakristia ya kigango, na maji yanadondoka kutoka juu, tone, kimya, tone, mwaka mzima, masika na kiangazi. Watu wa pale, mtu akisafiri kwenda mbali, kwenye mashamba ya mkonge au migodini au ng'ambo ya Ruvuma, asubuhi ya kuondoka anaingia pangoni na chungu kidogo, anakitega mwenyewe chini ya tone. Huko aendako, chungu kikipata maji, na yeye hakosi maji. Siku akirudi haingii kwanza nyumbani. Anapanda pangoni, anakitoa chungu chake, anakunywa, anakuja nacho mpaka mlangoni, yaliyobaki anayamwaga kizingitini, anapiga hodi. Hakuna anayeweza kukutegea. Mama hawezi, mke hawezi. Ni mkono wako au basi. Sasa yale maji yana chokaa, na chokaa ni kama uji wa jana, ikitulia inaganda. Chungu kikikaa muda mrefu kinashikana na mwamba, kinavikwa weupe, mwisho kinakuwa jiwe pamoja na jiwe. Na kikishashika, watu walisema, mwenyewe harudi tena. Mle ndani vilikuwepo vingi vya hivyo, vimejipanga kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mama Osmund alivijua kwa majina. "Huyu ni wa kwa Kapinga, alikwenda mkonge. Hawa ni mtu na mdogo wake."

Cha Osmund kilikuwa hakijashika, kwa sababu mama yake hakukiruhusu. Kila Jumamosi, kabla ya kwenda kupamba altare, alipanda na kibatari chake, akaingia, akapiga magoti, akasali Salamu Maria, akakizungusha kile chungu kidogo tu, kama mtu anavyomgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Hakukiinua. Kuinua ni kazi ya mwenyewe. Alikizungusha tu ili jiwe lisipate pa kushika. Nilikwenda naye mara nyingi nikimshikia kibatari. Mimi ni mtu wa kanisa, nilikuwa hivyo tangu usichana, na jambo lile lilinisumbua, nikamuuliza kama Padre anajua. "Anajua," akasema, "nilimwambia kwenye kitubio. Akaniuliza, pale pangoni unamwomba nani? Nikamwambia, namwomba Mungu, Padre, chungu nakigeuza tu. Akanipa rozari moja." Sasa nina watoto wangu, mmoja yuko chuo mbali, na asipopiga simu wiki nzima mkono wangu unatafuta kitu cha kugeuza. Zamani nilimhurumia Mama Osmund. Siku hizi naona yeye alikuwa na bahati kwamba alikuwa na kitu cha kushika.

Kamati ilizaliwa kwenye sebule yake, maana ndiyo nyumba iliyokuwa karibu na njia ya pango. Kuna watalii walikuwa wameanza kufika Mbamba Bay kuogelea, na mtu wa wilayani akasema kijiji chenye pango kama lile hakitakiwi kulala njaa. Basi wakakaa wazee, Mzee Alto mwenyekiti, mimi nagawa chai na mihogo ya kuchemsha, nasikia kila kitu. "Wazungu watalipa kuja kuona giza?" aliuliza mmoja. "Kwao giza hakuna, umeme umelimaliza," Mzee Alto akamjibu. Wakacheka. Wakasema pango litaleta zahanati, akina mama hawatabebwa tena kwa machela kupelekwa kujifungua. Mama Osmund mwenyewe alikubali, alipiga makofi, alikuwa amempoteza dada yake kwenye machela. Halafu akauliza, "Na vyungu?" Mzee Alto akasema, "Vyungu ndiyo mali yenyewe, mama. Wageni watavipenda. Hatutagusa hata kimoja." Na kweli walimaanisha. Huyo Mzee Alto si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, ndiye baadaye, nilipomleta mtoto wangu wa kwanza kubatizwa kule, aliyenibebea mvua ilipokuwa inanyesha.

Wakaweka lango la chuma. Wakaweka kamba ndani ya kuzuia watu wasisogelee vyungu. Ufunguo ukakaa kwa kamati. Jumamosi ya kwanza Mama Osmund alipanda na kibatari chake akakuta kufuli, akashuka kwa Mzee Alto. Nilikuwa naye. "Shikamoo mwenyekiti." Yule mzee ni mdogo kwake, lakini siku ile alimwamkia hivyo, na mwenyekiti alishtuka mpaka akasimama. "Usinifanyie hivyo, dada. Ni kanuni tu. Nikikufungulia wewe, kesho mwenye ng'ombe atasema na yeye ana jambo lake mle ndani, na wale wa wilaya wakija wakakuta tumefungua hovyo watatunyang'anya." Akamwambia angeweza kuingia na wageni, kama mgeni. Mama Osmund akajaribu mara moja. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akapanga foleni nyuma ya wanafunzi waliotoka Songea, akaingia, akafika kwenye kamba, na kamba ikamzuia. Kijana mwenye kutembeza wageni akamwambia kwa adabu, "Bibi, hapa tunaangalia tu." Alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti. Hakulia. Aliniambia, "Nimekiona. Kimenyamaza pale pale."

Mimi kamati ilikuwa imenipa kazi ya kushika karabai, kwa sababu ya yale madarasa ya jioni, walisema nitawaelewa wageni. Nilikuwa sielewi hata neno. Lakini mwenye taa huingia ndani ya kamba, ili mwanga ufike kwenye ukuta. Basi Mama Osmund akaniita jikoni, akanishika mikono yote miwili, mikono yake ina magamba ya samaki. "Kuinua usiinue. Geuza tu. Kidogo. Sema Salamu Maria kimoyomoyo." Nikafanya hivyo. Wageni wakiingia, kijana akiwaonesha paa la pango, na wote wakiinua shingo juu wakisema aa, mimi nachuchumaa naweka karabai chini, na kwa mkono wa kushoto nakigeuza. Kilikuwa baridi kama mkono wa mtu aliyetoka kuoga ziwani. Kilinisikiliza, kilizunguka. Nikirudi nyumbani, namkuta amepakua, haniulizi habari ya wageni wala walivaa nini. Aliuliza neno moja tu: "Kimegeuka?" "Kimegeuka, mama." "Haya, kula." Tukaishi hivyo masika yote, na mimi niliamini kabisa kwamba Osmund anakunywa maji mahali fulani kwa ajili ya mkono wangu wa kushoto.

Kiangazi alikuja mgeni mmoja, mama wa kizungu mwenye nywele nyeupe, mpole sana, amefuatana na mkalimani na mtu wa wilaya. Alitembea akishika ukuta. Alipofika kwenye vyungu hakutazama juu kama wengine. Alitazama chini, akapiga goti moja, akaona kile cha Osmund, kwamba chenyewe ndicho kilichobaki na rangi ya udongo wakati wenzake wote wamekuwa weupe, akasema kitu kwa sauti ndogo. Mkalimani akasema, "Anasema hajawahi kuona kitu kizuri kama hiki." Sasa, watu wetu wana jambo moja. Mgeni akikisifu kitu chako mbele yako, unampa. Kuku, kikapu, hata kitenge ulichovaa, unafunga kingine. Usipompa umemfukuza, na habari itakutangulia mpaka ziwani. Nilimwona Mzee Alto anavyobadilika uso. Aliangalia vyungu vingine, akagusa kimoja kwa kidole cha mguu, hakikutikisika. Akagusa cha pili, mwamba mtupu. Akafika kwenye cha Osmund, akakisukuma kidogo, nacho kikazunguka chepesi, kama kilivyozoeshwa. Akakiinua.

Nikasema. Mungu ananijua, nilisema. "Mwenyekiti, hicho kina mwenyewe." Akanitazama kwa macho ya kuomba, si ya hasira, maana mtu wa wilaya alikuwa anatabasamu na mgeni alishaweka mikono kifuani. "Skola, mwanangu, inua taa juu, mama asijikwae." Nikarudia, nikamgeukia mkalimani, nikamwambia kuna mtu atarudi kukinywea. Mkalimani akamwambia mgeni maneno mengi, sijui yapi, na yule mama akatikisa kichwa kukataa, akakisogeza kimrudie mwenyekiti kwa mikono yote miwili. Nikashukuru Mungu. Lakini kwetu kukataa mara ya kwanza ndiyo adabu yenyewe. Mzee Alto akamsukumia tena, akicheka, "Chukua mama, chukua, hiki ni chako," na watu wa kamati wakapiga makofi mle pangoni, makofi yakajaa mpaka masikio yakauma. Yule mama alilia machozi kwa furaha. Aliyamwaga maji ya Osmund taratibu, pembeni, asije akalowesha gari. Nilikuwa nimesimama na karabai mkononi. Taa ikiwa inawaka mikononi mwako, hata pa kukimbilia huna.

Nilimkuta Mama Osmund amepakua. "Kimegeuka?" Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni, sikuweza kukaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa nini wamechukua hicho, na viko vingi?" Nikamwambia, "Vingine vimeshika, mama. Hicho tu ndicho kilikuwa kinainuka." Nilimwona neno lile linavyomwingia. Aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia upande wa pili, halafu akaiweka chini ya meza kama vitu vya mtu mwingine. Kesho yake kamati nzima ilikuja kuomba radhi, na jogoo. Mzee Alto alipiga magoti pale sebuleni. Mama Osmund alisamehe, alimpikia chai, alimuuliza hali ya mke wake. Wakauliza kama wamfinyangie kingine, akasema, "Nani akitege?" Walimfuata yule mgeni mpaka Mbamba Bay, gari lilikuwa limeshaondoka. Mimi nikaenda kanisani nikasali novena nzima. Baada ya hapo aliendelea kutenga kipande cha samaki ukingoni mwa sahani, lakini Jumamosi asubuhi, ule muda wake wa kupanda, alikuwa anakaa tu kitandani, amevaa, ameshavaa na kilemba, anasubiri muda upite. Mwisho wa mwaka nikamaliza madarasa, nikapewa cheti, nikaolewa Mbinga. Siku naondoka nilimwuliza kama anadhani Osmund yuko hai. Akaniambia, "Mimi nilizuia mlango usifungwe, binti yangu. Sikujua kwamba mlango usiofungwa ndio unaoibiwa." Kisha akaniambia nifunge vizuri mzigo wangu wa usipa, barabara ni mbovu.

Hayo yote nilimwambia Osmund pale uwanjani, mbele ya ugali wake uliopoa. Mzee Alto alikuwa bado anachora chini. Alisema tu, "Tulidhani tunafanya vizuri, mwanangu," na Osmund akamjibu, "Ndiyo, baba." Akaeleza kidogo habari zake, kazi ya mawe, kufungwa, mke, watoto, aibu ya kurudi mikono mitupu. "Kila mwaka nilikuwa nakuja mwaka unaofuata." Halafu akasema, "Nipeleke hata pale mahali penyewe." Nikavua khanga ya jikoni, nikavaa ya kutokea, tukapanda.

Tuliingia na wageni, kama wageni. Siku hizi pana ngazi za saruji na taa za sola, na vijana wafanyao kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka hupenda kuwaleta wachumba wao kupiga picha. Mwenye kutembeza alikuwa binti mchangamfu, mjukuu wa mmoja wa kamati. Alifika kwenye vyungu akasema watu wa kale walihifadhia nafaka humu wakati wa vita. Mwanga ukashuka kwenye nafasi moja katikati ya vile vyeupe, alama ya mviringo kwenye mwamba, safi, laini, na katikati yake tone linadondoka. "Na hapa mnaona duara la asili," akasema yule binti, "limechongwa na maji yenyewe." Osmund akavuka kamba. "Mzee, samahani, haturuhusu." "Hapa ni pangu," Osmund akasema, na wale vijana wakacheka, mmoja akamwambia, "Mzee ana hati miliki!" Akarudi nyuma ya kamba, mtu mzima, kama mtoto aliyekatazwa. Lakini akanyoosha mkono juu ya kamba akauweka pale chini ya tone, kiganja wazi. Yule binti akamwangalia, akaniangalia mimi. Sisi wote tukasubiri. Maji ya pango hayana haraka. Lilidondoka tone, tukasubiri, likadondoka lingine, likamtiririka kati ya vidole. Kundi lingine lilikuwa linaingia, watu wanasukumana kwenye ngazi, binti akasema taratibu, "Baba, tuwapishe wenzetu." Akaulamba ule unyevu. Akafumba kiganja, tukatoka.

Alishuka mpaka nyumbani mkono umefumbwa hivyo hivyo, hakumpa mtu salamu ya mkono. Kizingitini akaufungua, hakukuwa na maji ya kumwaga, akapangusa kiganja kwenye mbao ya mlango, juu na chini. Akapiga hodi. Ndani kulijaa wanawake, wengine wanachambua mchele, wengine wanasali rozari, na hodi ya nyumba ile huitikiwa na mama mwenye nyumba. Wote wakaniangalia, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta. Akapiga hodi tena. Nikasema, "Karibu." Nilisema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na bado ilitoka kama ya mtu aliyekuja kuhani msiba. Osmund aliinama kama vile mlango ni mfupi, na haukuwa mfupi, akaingia.